Sindano yamzungusha mpenzi wa santuri Nairobi

Kama hujawahi kupita barabara ya Luthuli jijini Nairobi Jumamosi asubuhi, basi kuna kelele ambazo masikio yako bado hayajazionja. Barabara yenyewe ni fupi. Inaanzia upande wa Tom Mboya na kuteremka hadi River Road, na mtu mwenye haraka anaweza kuimaliza kwa dakika tano tu. Lakini ni nani atakayekwenda kwa haraka ilhali kila mlango umetolewa spika mbili nje, na kila duka linashindana na la jirani? Hapa utasikia injili, pale rumba, na mkabala wake kijana wa duka anapiga nyimbo za siku hizi kwa besi nzito hadi unahisi tumbo likitikisika kana kwamba umemeza ngoma.

Wengi wapitao hapa hawajui jina hilo lilitoka wapi. Albert Luthuli alikuwa kiongozi wa Waafrika wa Afrika Kusini, na ndiye Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, ile ya mwaka 1960. Amani! Muulize mama anayeuza njugu kwenye kona kama anaijua.

Hata hivyo, mambo si mabaya kama zamani. Mwaka 2019 serikali ya kaunti ya Nairobi ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, iliifanyia barabara hiyo ukarabati. Magari yaliwekewa mkondo mmoja, njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa na viti vya kupumzikia vikawekwa. Mara ya mwisho nilipokuwa huko nilikaa kwenye kimoja cha viti hivyo nikimsubiri mwenyeji wangu, ambaye alikuwa ameingia duka la nne kuulizia kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Alikuwa akitafuta sindano ya gramafoni.

Jina lake sitalitaja, kwani aliniruhusu kuandika habari zake kwa sharti hilo. Hataki wezi wajue kilichomo nyumbani mwake na, alivyoniambia huku akicheka, hataki wanawe wasome gazetini mambo ambayo yeye mwenyewe hajawaambia. Itoshe kusema kwamba ni mzee wa miaka 74, karani mstaafu wa shirika la reli, mkazi wa Buruburu tangu mtaa huo ulipokuwa mpya na nyasi zake zikikatwa. Ana santuri 1,140. Amezihesabu mwenyewe na kuziandika katika daftari tatu za shule, jina la mwimbaji, jina la wimbo, mahali aliponunua na bei aliyotoa.

Sasa usidhani kwamba huyu ni mtu wa ajabu aliye peke yake. Watu wa namna yake wapo wengi kuliko unavyofikiri, katika Buruburu, South B, Nakuru, Kisumu na Mombasa. Ni watu ambao wakikualika nyumbani kwao hawakuonyeshi picha za harusi. Wanakuketisha katika kiti maalum, wanakuambia usizungumze kwa dakika tatu, kisha wanakutazama usoni kuona kama umesikia.

Alipotoka katika duka la nne, mzee alikuwa akitikisa kichwa. "Kijana ameniuliza kama nataka sindano ya kushonea," alisema. "Ananiambia, mzee, hizo ziko Biashara Street."

Sikuweza kujizuia kucheka. Hata hivyo, kijana wa watu hana kosa. Maduka ya Luthuli leo yamejaa televisheni pana kama meza, spika za Bluetooth zenye taa za rangi zinazomemeteka, na zile wufa ambazo hazikosekani katika nyumba ya kijana yeyote aliyepata mshahara wake wa kwanza. Gramafoni ni jambo la babu yake.

Mzee ana maoni makali kuhusu bidhaa hizo, na akianza hanyamazi. Alinishika mkono na kunionyesha katoni moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba chombo kilichomo ndani kina nguvu za wati elfu kadhaa. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na herufi nne: PMPO.

"Ukiona hizo herufi, kimbia," alisema. "Hizo ni wati za karatasi."

Alinieleza kwamba hesabu ya PMPO huchukua nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa nukta moja ndogo, kama mwanariadha aruke mara moja kisha useme hiyo ndiyo mbio yake ya siku nzima. Nguvu ya kweli ni ile ambayo amplifaya inaweza kuidumisha, nayo kwa kawaida ni sehemu ndogo mno ya tarakimu hiyo. Tena masikio ya binadamu hayaendi na hesabu ya dukani. Ukiongeza wati kutoka 20 hadi 40 sauti haiwi mara mbili. Inapanda desibeli tatu tu, kiasi ambacho mgeni wako huenda asikitambue. Ili masikio yaseme kwamba sauti imekuwa maradufu, unahitaji takriban wati mara kumi. Mzee anatumia amplifaya ya wati 25 kila upande, aliyoinunua mwaka 1979, na majirani walikwishawahi kumlalamikia.

Kutoka Luthuli tuliteremka hadi River Road, tukapanda ngazi za jengo moja hadi ghorofa ya pili. Huko hakuna kibao mlangoni. Unafuata harufu ya risasi ya kulehemu. Ndani, fundi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, alikuwa amezungukwa na amplifaya zilizofunguliwa matumbo, redio kaseti zisizo na milango, na gramafoni kama saba hivi zikisubiri wenyewe.

Ni hapa ndipo nilipopata kisa ambacho wewe msomaji mwenye jamaa ng'ambo huna budi kukijua. Gramafoni moja kati ya hizo ililetwa kutoka Marekani na mtu aliyerudi nyumbani baada ya masomo. Stima ya huko ni ya volti 120, hapa kwetu ni 240. Mwenyewe akawa mwerevu, akanunua transfoma ya kupunguza. Gramafoni ikawaka vizuri, lakini waimbaji wote wakaanza kuimba kama watu waliokula wakavimbiwa. Amerudisha mara tatu akisema mkanda wa mpira umelegea.

Mkanda haujalegea. Stima ya Marekani hupiga mapigo 60 kwa nukta, na ya Kenya hupiga 50. Mota ya gramafoni nyingi za zamani hufuata mapigo hayo, na transfoma hubadilisha volti tu, haigusi mapigo. Kwa hiyo santuri inayotakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika, hapa inazunguka mara 37 na nusu. Dawa yake ni kubadilisha kigurudumu kidogo cha mota kinachovuta mkanda, na fundi alikuwa akikichonga mwenyewe kwa shaba.

Alipoiangalia sindano ya mzee kwa lenzi, fundi hakupoteza maneno. "Hii imekwisha. Ukiitumia tena inalima."

Maana yake ni hii. Sindano hiyo ni kipande cha almasi kilichosuguliwa kikawa na ncha laini, na huteleza ndani ya mfereji wa santuri kwa saa mia kadhaa. Ikilika, ncha hupata makali, na badala ya kusoma mfereji hukwangua kuta zake. Kinachokwanguliwa hakirudi. Kuna watu wakiona sindano inaruka huweka shilingi juu ya kichwa chake ili kuikandamiza. Wahudumu wa baa za zamani walifanya hivyo kila siku, na ndiyo sababu santuri nyingi zilizotoka baa zina sauti ya kukaanga vitunguu. Sindano nyingi huhitaji uzito wa gramu mbili au tatu hivi. Sarafu ya shilingi ya siku hizo peke yake ilipita hapo.

Ndipo nilipomuuliza mzee kwa nini ana haraka. Santuri zimekaa miaka hamsini, si zitangoja wiki nyingine?

Alinyamaza mpaka tulipokuwa ndani ya matatu ya kwenda Kenyatta Market.

Mke wake anaumwa goti. Amekuwa akiumwa kwa miaka minne, na sasa daktari amesema liwekwe la bandia. Bima ya mzee inalipa sehemu, si yote. Katika kipindi hicho hicho amejitokeza dalali anayewatafutia wanunuzi wa Ulaya santuri za Kenya. Alikuja Buruburu, akakaa siku nzima, akapekua daftari zote tatu na kuchagua santuri 60. Hizo nyingine 1,080 hakuzitaka. Fedha alizotaja kwa hizo 60 zingetosha kufunga hesabu ya hospitali.

Ya 41 katika orodha yake ni santuri ya kakake mzee.

Kaka huyo alipiga gitaa katika bendi moja ndogo ambayo haikupata umaarufu. Mwaka 1974 walirekodi wimbo mmoja, zikatolewa nakala chache, zikauzwa River Road na kwenye stendi za mabasi. Mwaka 1982 kaka alifariki katika ajali ya barabarani. Mzee hajaona nakala nyingine popote kwa miaka thelathini, na anatazama kila rundo la santuri analokutana nalo. Yake yenyewe hajaipiga tangu alipoanza kuishuku sindano. Alitaka sindano mpya ili aipige mara moja, binti yake ainase kwenye kompyuta, kabla hajampa dalali jibu. Jibu lilikuwa likingojwa Jumatatu.

Huenda ukajiuliza Wazungu wanataka nini na wimbo wa mwaka 1974 ambao hata sisi hatuujui. Jawabu liko katika historia. Tangu miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha kufyatua santuri, na kwa muda mrefu kiliwahudumia hata majirani. Tanzania haikuwa na kiwanda kama hicho, na bendi zake zilitegemea Nairobi hadi mpaka ulipofungwa mwaka 1977. Haukufunguliwa tena mpaka 1983. Wanamuziki kutoka Zaire, kama Super Mazembe, walipiga kambi hapa. Kila kabila lilikuwa na nyimbo zake na kila mtayarishaji wa River Road alikuwa na nembo yake. Halafu zikaja kanda, na kanda zikaleta wezi wa kunakili, na biashara ya santuri ikafa. Kanda za awali za studio zilitupwa, zikaungua au zikafutwa ili zitumiwe tena. Kwa hiyo kwa nyimbo nyingi, kilichobaki ni santuri yenyewe katika nyumba ya mtu.

Kampuni ya Uingereza, Soundway, ilitoa mwaka 2013 mkusanyiko ulioitwa Kenya Special wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980, na tangu hapo bei ya santuri zetu ng'ambo haijalala. Wapo pia wa nyumbani wanaojitahidi. Joseph Kamaru alipofariki mwaka 2018, mjukuu wake aliyerithi jina lake, yule msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, alikuwa akishughulika kuzitoa upya nyimbo za babu yake. Lakini si kila mpiga gitaa aliyefariki ameacha mjukuu wa aina hiyo.

Kenyatta Market iko kando ya Mbagathi Way, kati ya Ngumo na Golf Course, si mbali na hospitali kuu. Ukishuka, moshi wa nyama choma ndio utakaokupokea, na kabla hujavuka mlango wasusi watakuwa wamekushika mkono wakikuuliza unataka mtindo gani. Mimi waliniuliza. Hata mzee, ambaye ana upara wa kung'aa, waliwahi kumwuliza. Pita wasusi, pita mafundi cherehani, na ukianza kusikia gitaa lisilotoka kwenye simu ujue umefika. Kibanda namba 570 ndicho kilicholifanya soko hilo lijulikane kwa wapenzi wa santuri hata ng'ambo, na waandishi wa nchi nyingi wamekwishakiandika.

Ukifika huko usiwe na haraka. Santuri hazitafutwi kama nyanya. Unasimama mbele ya sanduku, unazisogeza moja moja kwa vidole viwili, na mwenzako wa kulia anafanya vivyo hivyo, na kabla hamjaulizana majina mmekwisha kubishana. Siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya Daudi Kabaka na Helule Helule yake, ambayo kundi la Waingereza, The Tremeloes, liliiimba upya mwaka 1968. Bwana mmoja aliyevaa koti la kijivu alishikilia kuwa Waingereza waliipiga kwa usafi zaidi. Mzee wangu alimjibu kwamba usafi ni wa sahani, si wa muziki. Watu wakacheka, na urafiki ukaanza hapo.

Bwana wa koti la kijivu ndiye aliyekuwa na sindano. Aliinunua mbili miaka mingi iliyopita, moja ikabaki nyumbani kwake Ngumo, na alikwenda kuileta kwa miguu. Fedha alikataa. Alitaka santuri ya Super Mazembe ambayo mzee ana nakala yake mbili. Walipeana mikono na kuahidiana Jumamosi ijayo, bila kuandikiana lolote.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa Buruburu.

Sebule ya mzee haifanani na unayoifikiria. Hakuna mitambo iliyopangwa hadi darini. Kuna gramafoni juu ya jiwe la kaburi, naam, kipande cha marumaru alichokinunua kwa fundi wa makaburi kwa sababu jiwe zito halitikisiki watu wakipita. Kuna amplifaya, na spika mbili zilizosogezwa mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja. Ukizigandisha ukutani, anasema, besi inavimba. Spika na kiti chake vimepangwa kama mafiga matatu, umbali sawa kila upande, na hapo katikati ndipo mwimbaji anapoonekana kusimama mbele yako ingawa hayupo.

Juu ya kila spika pana kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Hii ndiyo vita ya nyumba hiyo. Mzee husema vitambaa vinaziba sauti nyembamba. Mama husema spika bila kitambaa ni kama mwanamke aliyetoka bila leso. Kwa miaka arobaini na tano mzee huvitoa akianza kusikiliza, na Mama huvirudisha akimaliza. Ukweli ambao binti yao aliniambia pembeni ni kwamba masikio ya baba yake hayasikii tena sauti nyembamba kama zamani, jambo linalowapata watu wengi wa umri huo, na kwamba siku hizi vitambaa ndivyo vinavyolaumiwa.

Mzee aliosha santuri kwa maji ya vuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, akifuata mzunguko wa mifereji kwa kitambaa laini na kukwepa karatasi ya katikati. (Kama wewe una zile nzito za zamani za mizunguko 78, tumia maji pekee kwa uangalifu na usithubutu kutia spiriti, zitayeyuka.) Akaikausha. Binti akaunganisha waya kutoka amplifaya hadi kompyuta. Mama akaja na mkongojo wake, akaketi, na yeye mwenyewe akaondoa vitambaa.

Wimbo ulianza. Ulikuwa na mikwaruzo, lakini gitaa lilikuwa mbele, jembamba na jepesi, likikimbia kama mtoto aliyetumwa dukani. Kama santuri nyingi za wakati huo ilikatika katikati, kwani wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, na mzee akainuka kuigeuza. Katika upande wa pili mwimbaji alinyamaza na gitaa likapanda. Kisha sauti ya mtu, kwa mbali na maikrofoni, ikaita jina la mzee. Jina lake la utotoni. Halafu ikaita jina la msichana.

"Ni mimi," Mama alisema. "Tulikuwa bado hatujaoana."

Hakuna aliyesema neno mpaka sindano ilipofika mwisho na kuanza kugonga. Binti aliangalia kompyuta na kusema imeingia yote.

Mzee alimpigia dalali simu mbele yetu. Alimwambia atampa 59. Dalali, ambaye sauti yake tuliisikia wote, alijibu kwa upole kwamba mnunuzi wake alikuwa amevutiwa hasa na ile ya 41, na kwamba bila hiyo bei ingeshuka hadi nusu. Nakala ya kompyuta wabaki nayo tu, alisema, hakuna anayewanyang'anya.

Mzee akafunika simu kwa kiganja na kumtazama mkewe.

"Goti ni langu," Mama alisema, "kwa hiyo mimi nisiulizwe. Nikisema uza, utanichukia. Nikisema usiuze, nitachechemea na utajichukia wewe. Lakini yule shemeji alipiga gitaa harusini kwetu bila kulipwa, na watoto wake wako Eldoret, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia. Wapelekee kwanza hiyo ya kompyuta. Halafu wao nao waseme."

Mzee aliomba muda hadi Jumatano. Dalali akakubali kwa shingo upande. Binti alituma wimbo huo Eldoret kwa simu usiku ule ule, na kabla sijaondoka mpwa mmoja alikuwa amekwisha kujibu, akiuliza yule anayeitwa kwa jina ni nani.

Hadi tulipokuwa tukienda mitamboni wapwa wawili walikuwa wamesema santuri iuzwe na shangazi yao atibiwe, wa tatu alikuwa amesema yeye atachanga, na mzee alikuwa hajampigia dalali simu.